Msanii na Meneja Wake: Namna ya Kulinda Jasho la Mwanamuziki

Katika Kaunti ya Kilifi, muziki ni kazi inayolisha familia. Kuna bendi zinazotumbuiza wageni katika hoteli za Watamu na Malindi, vikundi vya mwanzele vinavyoitwa kwenye mazishi na sherehe, waimbaji wa injili wa Kaloleni na Mariakani, na vijana wanaorekodi nyimbo zao katika studio ndogo za Mtwapa. Hata hivyo, wasanii wengi hujifunza kuimba kwa miaka, lakini siku ya kutia saini mkataba hutumia dakika tano tu.

Saini hiyo ya dakika tano ndiyo huamua nani atalipwa wimbo ukivuma. Makala haya yanaeleza kazi ya meneja, haki zilizomo ndani ya wimbo mmoja, mambo ya kukagua katika mkataba, na mahali pa kwenda mzozo unapotokea.

Somo la shilingi kumi

Mwaka 1939, mwanamuziki wa Afrika Kusini Solomon Linda alirekodi wimbo uitwao "Mbube" jijini Johannesburg. Aliuza haki za wimbo huo kwa kampuni iliyomrekodi kwa shilingi 10. Miaka iliyofuata, wimbo huo uligeuzwa na kuwa "The Lion Sleeps Tonight", ukaimbwa na wasanii wengi wa Marekani na Ulaya, kisha ukatumika katika filamu ya "The Lion King" ya mwaka 1994. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mabinti zake walifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani.

Linda hakushindwa na sauti wala kipaji. Alikosa mtu wa kumweleza thamani ya karatasi aliyotia saini. Kazi ya kwanza ya meneja mwema ni hiyo: kumzuia msanii asiuze kwa shilingi 10 kitu ambacho watoto wake wangekula kwa miaka mingi.

Tasnia imebadilikaje?

Zamani, msanii wa Pwani aliyetaka kusikika alisafiri hadi Nairobi. Kampuni ndiyo iliyokuwa na studio, mashine za kuchapa santuri na maduka ya kuuzia. Baadaye zikaja kanda, na uharamia ukaja nazo, kwa kuwa yeyote mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kunakili. CD nazo zikafuata njia ile ile.

Hoteli za Pwani pia zilikuwa shule. Bendi ya Them Mushrooms ilianza miaka ya 1970 ikitumbuiza watalii, na wimbo wake "Jambo Bwana" ulipotoka miaka ya 1980 ulienea hadi ukaimbwa upya na Boney M. mwaka 1983. Jukwaa dogo la hoteli linaweza kufungua mlango mkubwa, mradi jina la mtunzi liwe limeandikwa mahali panapostahili.

Leo mambo ni tofauti. Huduma ya Skiza ya Safaricom ilianza mwaka 2009, na ikawapa wasanii njia ya kulipwa kupitia milio ya simu. YouTube, Boomplay na Mdundo zimeenea, na Spotify ilifungua huduma zake nchini Kenya mwaka 2021. Msanii wa Ganze anaweza kurekodi Jumatatu na kusikika Muscat au London Ijumaa bila kupitia kampuni ya Nairobi.

Uhuru huo una mzigo wake. Kazi zilizofanywa na kampuni sasa zimemwangukia msanii mwenyewe: kusajili wimbo, kutunza hesabu, kutangaza, kujadili bei na kufuatilia malipo. Tena malango ya malipo yana masharti. Ili kugawiwa pesa za matangazo, YouTube hutaka chaneli iwe na wafuasi 1,000, na ama saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, ama video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Spotify nayo, tangu mwaka 2024, hailipi rekodi ambayo haijasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Kwa msanii anayeanza, shoo za harusini, hotelini na kwenye hafla bado ndizo pesa za haraka, na mtandao ni shamba la msimu mrefu.

Wimbo mmoja, haki mbili

Kabla ya kuzungumza na meneja yeyote, msanii anapaswa kujua anachomiliki. Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake.

Mali ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo. Hii ni ya aliyetunga, hata kama hakuimba. Mali ya pili ni rekodi yenyewe, ambayo wanamuziki huiita masta. Kwa kawaida hii humilikiwa na aliyegharamia na kupanga kurekodi, isipokuwa kuwe na mapatano mengine. Juu ya hizo mbili, waimbaji na wapiga ala wana haki zao kama watumbuizaji.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda utunzi mara tu unapoandikwa au kurekodiwa. Ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa hiyo wimbo ni mali ya urithi kama shamba la minazi, na unastahili kutajwa katika wosia.

Mizozo mingi huanzia studio. Vijana watatu hutunga pamoja, prodyuza huleta biti, rafiki huongeza kiitikio, kisha wote huenda zao bila kuandika lolote. Wimbo ukivuma, kila mmoja anadai nusu. Dawa yake ni karatasi moja ya mgao, inayojazwa siku ile ile ya kurekodi kabla ya kutoka studio. Iandikwe jina la wimbo, tarehe, majina ya watunzi na asilimia ya kila mmoja katika utunzi, mwenye rekodi, na malipo ya prodyuza. Je, prodyuza amelipwa mara moja na kumaliza, au ana fungu katika mapato? Wote watie saini na kila mmoja abaki na nakala. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Meneja ni nani, na si nani?

Watu wengi huchanganya kazi nne tofauti. Promota huandaa tamasha na kuuza tiketi. Wakala hutafuta shoo na kulipwa kwa kila shoo aliyoleta. Prodyuza hutengeneza rekodi. Meneja ndiye anayetazama safari nzima ya msanii: mpango wa mwaka, bajeti, mazungumzo na wateja, ratiba, usajili wa kazi, na watu wengine wote wanaomzunguka msanii.

Si kila msanii anahitaji meneja leo. Mwenye nyimbo mbili na shoo moja kwa mwezi anaweza kujisimamia kwa daftari, simu na akaunti ya benki iliyotengwa kwa kazi. Meneja huhitajika pale kazi za ofisini zinapoanza kula muda wa kutunga na kufanya mazoezi.

Anayetafuta meneja asitazame gari wala idadi ya picha alizopiga na watu mashuhuri. Aulize mambo matatu. Amewahi kumsimamia nani, na je, msanii huyo yuko tayari kuzungumza juu yake? Anaweza kuonyesha hesabu alizowahi kuandika? Na anaelewa nini juu ya hakimiliki? Ndugu au rafiki anaweza kuwa meneja mzuri, lakini naye aandikiwe mkataba. Udugu usiotenganishwa na hesabu huvunjika pamoja na bendi.

Asilimia ngapi, na ya pesa gani?

Kwa kawaida meneja hulipwa kati ya asilimia 15 na 20 ya mapato ya msanii. Lakini swali kubwa zaidi ni hili: asilimia hiyo ni ya pesa zote zilizoingia, au ya kinachobaki baada ya gharama?

Chukua mfano wa hesabu. Bendi imelipwa Sh60,000 kwa shoo ya harusi. Usafiri umekula Sh8,000, wapiga ala Sh18,000, chakula na mavazi Sh4,000. Gharama zote ni Sh30,000.

Meneja akichukua asilimia 20 ya pesa zote, atapata Sh12,000, na kiongozi wa bendi atabaki na Sh18,000. Akichukua asilimia 20 ya kilichobaki baada ya gharama, atapata Sh6,000, na kiongozi wa bendi atabaki na Sh24,000. Katika shoo 10, tofauti ni Sh60,000. Na kama mkataba ungesema asilimia 50 ya pesa zote, meneja angeondoka na Sh30,000 na kiongozi wa bendi angerudi nyumbani mikono mitupu, ilhali yeye ndiye aliyeimba.

Hata nyota wakubwa wamenaswa na hesabu hii. Elvis Presley wa Marekani alikuwa na meneja aliyeitwa Colonel Tom Parker, ambaye kuanzia mwaka 1967 alipewa nusu ya mapato mengi ya msanii huyo. Mwaka 1973 waliiuzia kampuni ya rekodi haki za malipo ya nyimbo za zamani kwa dola milioni 5.4, na meneja akachukua nusu. Baada ya Elvis kufariki mwaka 1977, uchunguzi ulioagizwa na mahakama ulisema mgao wa meneja ulipita kiasi. Ikiwa aliyeuza mamilioni ya sahani alihitaji mtu wa kumkagulia hesabu, kijana wa Mtwapa anamhitaji zaidi.

Mambo saba ya kukagua katika mkataba

Kwanza, muda. Kwa msanii anayeanza, mwaka mmoja unaoweza kuongezwa kwa mapatano ni salama kuliko miaka mitano iliyofungwa. Kifungu kinachosema mkataba utajiongeza wenyewe kisomwe mara mbili.

Pili, eneo na kazi zinazohusika. Je, meneja analipwa kwa muziki pekee, au pia kwa kazi ya ualimu au duka ambalo msanii alikuwa nalo kabla ya kukutana naye?

Tatu, umiliki. Meneja ni mtumishi wa kazi ya msanii. Halazimiki kumiliki nyimbo ili alipwe. Sheria ya Kenya inasema kuuza hakimiliki au kutoa leseni ya kipekee hakuna nguvu isipokuwa kwa maandishi yaliyotiwa saini. Hiyo ni ngao, lakini pia ni onyo: neno moja la "kuhamisha haki" lililojificha katika ukurasa wa tatu laweza kuondoa wimbo wote. Hata hivyo, haki ya mtunzi kutambuliwa kwa jina lake hubaki hata baada ya kuuza.

Nne, akaunti na nywila. Chaneli ya YouTube, kurasa za mitandao ya kijamii, barua pepe na laini ya simu inayopokea malipo ziwe kwa jina la msanii au la biashara yake. Meneja apewe ruhusa ya kuzitumia, asipewe umiliki. Wakiachana, msanii asianze upya kutafuta wafuasi.

Tano, pesa za kutangulia. Pesa anazopewa msanii mwanzoni kwa kawaida si zawadi. Hukatwa kutoka mapato yajayo. Mkataba useme zitakatwa vipi, na nini kitatokea mapato yasipotosha.

Sita, hesabu. Meneja atoe taarifa ya maandishi kila baada ya miezi mitatu, ikiwa na stakabadhi, na msanii awe na haki ya kukagua.

Saba, kuachana. Ielezwe notisi ni ya siku ngapi, na meneja ataendelea kulipwa kwa muda gani kutokana na kazi alizoleta kabla ya kuondoka. Asilipwe milele.

Mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoielewa msanii usitiwe saini hadi utafsiriwe na mtu asiye upande wa meneja. Msanii aliye chini ya miaka 18 asitie saini peke yake. Mzazi au mlezi awepo, na wakili asome kwanza. Anayesema "tia saini sasa au nafasi ipotee" ameshajibu swali la kama anaaminika.

Mirabaha hutoka wapi?

Hoteli, baa, matatu, redio na runinga zinazocheza muziki hutakiwa kulipia leseni. Pesa hizo hukusanywa na mashirika yanayopewa leseni na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Kuna mashirika ya watunzi, ya wenye rekodi na ya watumbuizaji. Msanii aliyetunga, akaimba na kugharamia rekodi yake anaweza kuwa na fungu katika kila upande. Leseni za mashirika hayo ni za muda, kwa hiyo kabla ya kujiunga au kulipa ada yoyote, msanii aulize KECOBO ni shirika gani lina leseni mwaka huo.

Kwa upande wa milio ya simu, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalimtengea msanii au mwenye hakimiliki fungu lisilopungua asilimia 52 ya mapato. Maneno "mwenye hakimiliki" yana uzito. Aliyekwisha kuhamisha haki zake kwa mtu mwingine ataisikia asilimia hiyo ikitajwa, lakini haitaingia mfukoni mwake.

Ili malipo yamfikie, msanii anahitaji mambo haya: kusajili kazi yake kwa KECOBO kama ushahidi wa umiliki, kuwa na namba ya ISRC, ile ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha kila rekodi, kuandika jina lake kwa namna moja kila mahali, na kuwa na PIN ya KRA. Mirabaha inayolipwa mkaazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla ya kumfikia, na vyeti vya makato hayo vihifadhiwe kwa ajili ya kujaza ritani kabla ya Juni 30. Anayetaka kufanya kazi kwa jina la bendi anaweza kulisajili kama jina la biashara kupitia eCitizen, au kusaidiwa katika kituo cha Huduma kilicho karibu.

Nyimbo za jadi si mali ya mtu mmoja

Wasanii wengi wa kaunti hii huchukua mahadhi ya mwanzele au nyimbo za kaya na kuyachanganya na midundo ya kisasa. Ubunifu huo ni mzuri, lakini una mipaka. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inatambua kwamba nyimbo hizo ni za jamii, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista yake. Msanii anaweza kudai kile alichoongeza yeye. Hawezi kuusajili wimbo wa mababu kama utunzi wake. Kabla ya matumizi ya kibiashara, wazee na wenye utamaduni huo waombwe ridhaa, na mapatano juu ya mgao yaandikwe.

Mzozo ukitokea

Msanii akigundua kazi yake inatumiwa bila ruhusa, asianze kwa matusi mitandaoni. Akusanye ushahidi kwanza: picha za skrini zenye tarehe, kiungo cha video, nakala ya karatasi ya mgao na rekodi ya awali. Kisha amwandikie anayehusika, na aeleze anachotaka, iwe ni malipo, kutajwa kwa jina au kuondolewa kwa kazi. Majukwaa makubwa ya mtandaoni yana fomu za malalamiko ya hakimiliki. Ikishindikana, apeleke malalamiko KECOBO, na sheria imeunda baraza maalumu la kuamua baadhi ya mizozo ya hakimiliki. Ugomvi na meneja kuhusu hesabu ni suala la mkataba, na hapo wakili au mpatanishi hufaa kabla ya mahakama.

Maswali ya kujipima

Vikundi vya vijana, bendi na vyuo vya ufundi vinaweza kuyatumia maswali haya katika majadiliano:

1. Katika wimbo wako wa mwisho, nani anamiliki utunzi na nani anamiliki rekodi? Imeandikwa wapi?
2. Ukiachana na meneja leo, nani atabaki na nywila za akaunti zako?
3. Shoo yako ya mwisho ilileta pesa ngapi, gharama zilikuwa ngapi, na ulibaki na ngapi?
4. Ukifariki, familia yako inajua nyimbo zako zimesajiliwa wapi?

Asiyeweza kujibu maswali mawili kati ya hayo ana kazi ya wiki hii: daftari moja, faili moja la mikataba, na orodha ya nyimbo zote alizorekodi, pamoja na majina ya aliofanya nao kazi. Wengi wao bado wako karibu na wanakumbuka siku ile studio. Ni rahisi kuafikiana juu ya mgao wakati wimbo haujaingiza hata shilingi moja kuliko siku ambayo simu zote zimeanza kulia kwa wimbo huo.